Je, maendeleo huua dini?

Wengi huamini kwamba kadiri watu wanavyosoma na kutajirika, ndivyo dini inavyokufa. Hata wasomi walisema hivyo. Mwaka 1968 mwanasosholojia Peter Berger alitabiri kuwa kufikia karne ya 21 waumini wangebaki vikundi vidogo vidogo tu. Miaka ya 1990 alikiri hadharani kwamba alikosea, na kwa hilo anastahili heshima.

Tazama Korea Kusini. Ilijenga viwanda na vyuo vikuu kwa kasi kubwa katika karne ya 20, na miongo hiyohiyo makanisa yake yakafurika.

Kuna kinachopungua, ni kweli, nacho ni uanachama. Shirika la kura za maoni la Gallup lilikuta kuwa mwaka 2020 asilimia 47 ya Wamarekani walikuwa wanachama wa kanisa, sinagogi au msikiti. Mwaka 1999 walikuwa asilimia 70. Lakini kujitoa kwenye daftari la waumini si kumkana Mungu. Wengi wanaojitambulisha kuwa hawana dini bado wanamwamini Mungu, au nguvu fulani iliyo juu ya binadamu.

Kilichobadilika zaidi ni mamlaka. Katika nchi nyingi serikali imechukua shule, hospitali, usajili wa ndoa na matunzo ya maskini, kazi ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa viongozi wa dini. Waliobaki ndani wanabaki kwa hiari, si kwa kuwa jamii nzima inawatazama. Imani ya namna hiyo huwa na watu wachache zaidi, lakini wanaojua kwa nini wapo.