Paa la daraja si la mpita njia

Juzi nilikuwa Keko kuchagua mbao za mninga, nikamwonyesha fundi wangu picha ya daraja la Cornish–Windsor la Marekani kwenye simu. Daraja la mbao, lina kuta, lina paa. Akacheka. "Bosi, mtu anavuka dakika mbili, nyumba nzima hii ya nini? Wanaogopa kulowa?"

Hata mimi zamani nilidhani hivyo. Kumbe paa lile ni la kukinga kenchi, yaani fremu za mbao. Kuta mbili za daraja ndizo kenchi zenyewe, zimesimama wima kila upande, na ndizo zinazobeba njia. Mbao ikikaa na unyevu chini ya asilimia 20, fangasi wa kuozesha hawapati pa kuanzia. Inayonyeshewa kila mara hushika maji kwenye maungio, nayo huanza kufa hapo. Ndiyo maana daraja la mjenzi Timothy Palmer kule Philadelphia, lililofunguliwa 1805, liliezekwa kwa ushauri wa jaji Richard Peters. Paa na mbao za ubavuni ni nguo tu, zikichakaa unabadilisha.

Cornish–Windsor linavuka mto Connecticut, kati ya Vermont na New Hampshire. Lina urefu wa mita 137 hivi, nalo ni la nne kujengwa hapo. James Tasker na Bela Fletcher walilijenga 1866 kwa muundo ambao msanifu Ithiel Town aliusajili 1820: mbao zinapishana mshazari kama macho ya wavu wa samaki, mzigo ukagawanyika kwa nyingi.

Mwaka huo wa 1866 Sultani Majid wa Zanzibar naye alikuwa na mafundi hapa Dar. Old Boma, lile jengo la kale pale karibu na bandari, ni ya miaka hiyo: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Nikiyatazama majengo haya mawili naona ugonjwa mmoja. Mbao huozea nchani, pale inapoingia kwenye jiwe.

Kuna nyumba kuukuu niliyoikagua mjini, jina silitaji. Boriti katikati ya chumba ukiigonga inalia kama chuma. Nikapanda ngazi, nikasukuma bisibisi kwenye ncha, sentimita mbili kutoka ukutani: ikazama mpaka mpini, bila nguvu, kama kwenye papai. Mkandarasi aliyetangulia alikuwa ameziba pembeni kwa saruji, kazi safi kabisa machoni. Chokaa huachia unyevu ukatoka. Saruji yake iliufungia ndani, mchwa nao wakapata uji.

Daraja lile lilifungwa 1987, likafunguliwa tena 1989, sehemu zilizochoka zikiwa zimebadilishwa kwa mihimili ya mbao zilizogundishwa. Wapo wanaolalamika kwamba si mbao asilia. Mimi naona sawa: limebaki la mbao, na magari yanapita. Kwenye nyumba ile kuukuu tulikata ncha mbovu tu, tukaunga boriti mpya kwa mkato wa mshazari, tukaacha nafasi ya kidole kuizunguka ukutani ili ipumue.

Fundi wangu alipoiona nafasi ile alishachota mchanganyiko kwenye mwiko, anataka kuziba. Nikamrudishia ile picha.

"Aa," akasema, akaumwaga mchanganyiko kwenye karai. "Kumbe ni paa la boriti."