Nambari ya simu si mtu

Juzi kijana anayeongoza klabu ya kompyuta chuoni kwao alinipigia. Wanaandaa kongamano la teknolojia la wanafunzi hapa Kisumu na wanataka kujiundia mfumo wao: usajili, malipo, tiketi, ukaguzi wa mlangoni. Akaniambia, "Kaka, usajili ni rahisi. Tunatumia nambari ya simu tu, kila mtu ana yake." Ni wa nne mwaka huu kuniambia hivyo. Nimeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu asiyelielewa jambo hili mapema hulielewa siku ya kongamano, foleni ikiwa imefika barabarani.

Najua wazo hilo linatoka wapi. Ukituma ombi la malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na mtu akaweka PIN, jibu linarudi na kiasi, msimbo wa risiti, muda na nambari iliyolipa. Nambari imekuja yenyewe, haina makosa ya tahajia, inaonekana ya mtu mmoja. Basi mnaifanya ufunguo wa jedwali la washiriki, yaani kitambulisho cha kila mstari, na kuhamia kwenye rangi za tovuti.

Lakini nambari ile inasema nani ametoa hela. Haisemi nani anakuja! Mweka hazina wa klabu kule Bondo huchangisha wenzake kumi na kulipa mara moja. Mama yuko Siaya, anamlipia mwanawe aliye Kakamega. Mwingine ana laini mbili. Mwingine laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba.

Mfumo wangu wa kwanza niliujenga hivyo hivyo. Asubuhi ya kongamano wakaja dada wawili mapacha, Apiyo na Adongo, kama Wajaluo wanavyowaita mapacha wa kike, aliyetangulia na aliyefuata. Baba yao alikuwa amewalipia kwa laini moja, mara mbili. Malipo ya pili yalipoingia, programu yangu ilikuta nambari ipo tayari, ikabadilisha jina katika mstari ule ule. Adongo akaandikwa juu ya Apiyo. Apiyo akasimama mbele ya meza akiwa na meseji zote mbili alizotumiwa na babake, skrini ikisema hayupo. Alinyoosha simu kwangu bila kusema neno. Nilijua papo hapo ni mstari upi wa msimbo uliomfuta, kwa sababu niliuandika mimi.

Wengine hunijibu, "Basi tumia majina." Magharibi mwa Kenya? Otieno amezaliwa usiku, Ochieng mchana, Akinyi asubuhi. Ukivuka kwenda kwa Waluhya utakuta Wekesa wa msimu wa mavuno na Nafula wa mvua. Watoto wa usiku ni wengi. Tafuta "Otieno" kwenye orodha ya watu mia tatu, kisha umwambie msichana wa mapokezi achague aliye sahihi huku watu wanamsukuma.

Tenganisha vitu vitatu: malipo, tiketi, mtu. Malipo yana msimbo wa risiti, na huo ndio usiojirudia. Jibu lile lile likifika mara mbili, hifadhidata ilikatae la pili. Malipo mamoja yanaweza kuzaa tiketi kumi na moja. Kila tiketi ina msimbo wake wa nasibu, na mtu anafungwa kwenye tiketi, hafungwi kwenye malipo. Simu ya mshiriki iwe sehemu inayoweza kujirudia au kubaki tupu. Kwenye msimbo wa tiketi ondoa sifuri na O, moja na I, kwa kuwa simu ikiisha chaji mtu atausoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi.

Jambo jingine linaloniudhi: kuchukulia kila malipo yasiyokamilika kuwa yamekataliwa. Jibu la Daraja lenye namba 1032 maana yake mtu mwenyewe ameghairi. 1037 maana yake simu haikupatikana au mwenye simu hakujibu kwa wakati. Na kuna wakati jibu halifiki kabisa. Kabla hujatuma ombi la pili, uliza hali ya lile la kwanza, la sivyo mzazi atalipa mara mbili na utatumia wiki nzima kurudisha pesa.

Mengine ni mepesi. Geuza 07 na 01 za mwanzo wa nambari ziwe 2547 na 2541 mara tu zinapoingia, na zihifadhi kama maandishi. Msimbo wa QR ni kazi ya jioni moja. Orodha iwe ndani ya simu za mlangoni tangu usiku, maana mtandao wa ukumbi huelemewa watu wanapofika kwa pamoja.

Hapo sina jibu kamili. Milango miwili isiyo na mtandao inaweza kuruhusu tiketi moja kuingia mara mbili, nami nimekubali hasara hiyo. Na yule anayekuja na meseji ya malipo nisiyoiona kwenye mfumo? Meseji huhaririwa. Mimi humruhusu aingie, naandika msimbo wa risiti, naukagua jioni. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anaona ninawafundisha watu kudanganya, na sijapata hoja ya kumshinda. Ila nikimkumbuka Apiyo, siwezi kumrudisha mtu nyumbani kwa kosa ambalo huenda ni langu.

Kuhusu nambari zenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye unachohitaji tu. Mimi nahitaji nambari ya kumtumia mtu tiketi yake, basi. Mdhamini akiomba orodha ya nambari hizo, hapewi.

Kijana wangu, kabla hamjanitumia kiungo cha mfumo wenu, walipieni watu wawili kwa laini moja, kisha mfungue orodha. Mimi nitaanzia hapo kukagua.