Kuchakulo na kijani cha kisimani: je, "spishi" ni neno moja?

Masika haya nilikuwa na wanafunzi kwenye msitu wa Rondo, mkoani Lindi. Kuchakulo alipita juu ya mti akitikisa mkia, na chini yake, kwenye ukuta wa kisima, kulikuwa na kijani bapa kilichogandamana na jiwe. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, hawa wote tunawaita spishi. Kwa maana ileile?"

Swali hilo silichoki.

Kuchakulo hana shida. Huyu wa misitu ya pwani ni Paraxerus palliatus, jina alilopewa mwaka 1852 na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyetoka kuzunguka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu. Wekundu wa tumbo na mkia hutofautiana mahali na mahali, lakini rangi isikudanganye. Dume na jike wakizaa watoto ambao nao wanazaa, hao ni spishi moja. Kipimo hicho mwanabiolojia Ernst Mayr alikieleza vizuri mwaka 1942.

Sasa inama ukutani na lenzi ya mkono. Huu ni mmea wa kundi la livawati, jamii ya Marchantia. Hauna mizizi ya kweli, una vijinyuzi tu vya kujishikiza. Mgongoni una vikombe, na ndani ya kila kikombe vidonge vya kijani vidogo kuliko punje ya ulezi. Nilidondosha tone la maji kikombeni, vidonge vikarukia kidole changu. Kila kimoja kinaota mmea mzima wenye urithi uleule wa mama, bila dume yeyote.

Kwa hiyo ukuta mzima unaweza kuwa mmea mmoja uliojirudia. Tena mwili wote huo una seti moja tu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, kama yai la kuchakulo kabla halijarutubishwa! Jinsia zipo, ila ni mimea tofauti, na mbegu ya kiume lazima iogelee majini kulifikia yai. Pasipo dume jirani, kipimo cha Mayr hakina pa kushika. Hapo tunategemea umbo na DNA, na kwangu mimi jina la spishi hapo ni dai linaloendelea kupimwa.

Ukutani tulikuta vijishina vyenye vidole kama mbavu za mwavuli: majike. Madume huwa na kisahani bapa. Tuliwatafuta mpaka kwenye kijito, jua likazama hatujaona hata kimoja.