Je, wajua kwa nini kubeba begi la mwenzako si lazima uwe wizi?

Abiria wawili wameshuka kwenye basi moja stendi ya Moshi. Wa kwanza anabeba begi jeusi akidhani ni lake, anafika nalo Majengo, analifungua na kukuta nguo za mtu mwingine. Wa pili anaona begi la jirani yake, analivuta kutoka kwenye buti ili atoweke nalo, konda anamdaka palepale. Kisheria, aliyefika nalo nyumbani hajaiba. Aliyedakwa ameiba.

Kosa la jinai kwa kawaida linataka vitu viwili vikutane: kitendo na nia ovu. Kwenye wizi, kitendo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inahesabu kuwa umechukua kitu pale unapokisogeza tu. Si lazima utoke nacho getini. Kwa hiyo kesi nyingi huamuliwa kwenye nia, na mzigo wa kuithibitisha ni wa upande wa mashtaka.

Nia haionekani kwa macho, hivyo hakimu huisoma kwenye matendo. Yule wa Majengo akilirudisha begi jioni hiyohiyo, au akatoa taarifa polisi, maelezo yake yana nguvu. Akinyamaza na kuziuza zile nguo, hapo amejimilikisha mali ya mtu, na huo ni wizi hata kama mwanzo alikosea kweli.

Panapowaponza watu wazuri kabisa ni kwenye fedha. Mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, anachota laki tatu za wenzake alipe ada ya mtoto, akikusudia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Sheria imeliona hilo: kwa fedha, nia ya kuzitumia utakavyo inatosha, hata kama ulipanga kulipa. Uanachama wake haumwokoi. Kurudisha kunaweza kumpunguzia adhabu, lakini hakufuti kosa. Aombe mkopo, uandikwe daftarini na wenzake wasaini kabla pesa haijatoka.

Kifungu cha 9 cha Kanuni hiyohiyo nacho kinamkinga anayechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Ndugu wawili wa Marangu wanagombea kihamba, yaani shamba la familia, cha baba yao. Mmoja anakata mkungu wa ndizi, mwenzake anakimbilia polisi. Shauri la hivyo mara nyingi hukwama kwenye jinai, kwa sababu umiliki wa kihamba unatakiwa uamuliwe kwanza kwenye vyombo vya ardhi.