Kanga ya kidijitali maana yake nini?

Kanga ya kidijitali ni mchoro uliotengenezwa kwa kompyuta au simu kwa kufuata mpangilio wa kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, hata kama hautachapwa kamwe kwenye kitambaa. Mpangilio huo una sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yanayokaa ndani ya mji upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Ukiondoa pindo na jina ukabaki na nakshi inayojirudia, hicho ni kitenge. Kosa hili ndilo linaloongoza: mtu anapakua "nakshi za Kiafrika", anabandika bendera pembeni, basi ameshachora utamaduni wa taifa.

Anza na vipimo. Kipande kimoja cha kanga huwa takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikadiria pikseli 20 kwa kila sentimita, eneo la kuchorea ni 3000 kwa 2200. Pindo la sentimita 15 linachukua pikseli 300 kila upande, na mji unabaki 2400 kwa 1600. Sasa chora korosho moja ya pindo, yaani nakshi yenye umbo la korosho, yenye upana wa pikseli 200. Zitaingia 12 juu na chini, 8 kila ubavu, bila kubakiza kitu. Ukichagua 180, safu ya juu itaishia na korosho iliyokatwa, na jicho litaiona hiyo kabla ya kingine chochote. Kona nne, za 300 kwa 300, zipe nakshi zake zenyewe. Pindo likilazimishwa kupinda hapo linavurugika.

Rangi ziwe tatu au nne, bapa. Kiwandani kila rangi huchapwa peke yake, ndiyo maana huoni kanga ambayo nyekundu inayeyuka taratibu kuwa chungwa. Weka kila rangi kwenye leya (tabaka) yake, halafu sogeza leya nyeusi pikseli 3 au 4 upande mmoja. Ukingo mwembamba mweupe utachungulia kando ya nakshi, kama kwenye kitambaa ambacho rangi hazikukutana sawasawa. Ukisogeza pikseli 15, utaonekana umekosea tu.

Mambo ya mjini yanakaa kwenye mji, na kanga haijawahi kuyaonea haya. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, zilitoka kanga zenye sura yake na maneno ya kumpongeza. Kwa hiyo daladala, simu ya mkononi, hata mpira, vyote vinaruhusiwa. Nembo ya klabu ina mwenyewe, iache. Kijani na njano zinatosha, hakuna Mtanzania atakayeuliza ni timu gani.

Jina ndilo gumu. Herufi ziwe kubwa, nene, bila madoido, kwenye mstari mmoja, kimo cha pikseli 80 hadi 100. Maneno nayo yawe ya kumwambia mtu: "Hasidi hana sababu" ina mlengwa, naye anajijua. Ukiweka jina la msanii au kaulimbiu ya kampuni, umetengeneza tangazo. Kisutu, kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, tangu asili haikuwa na maandishi, lakini hilo lisiwe udhuru wa kukwepa kazi ya kutafuta maneno.

Ukitaka stika ya WhatsApp, usiipunguze kanga nzima. Stika ni pikseli 512 kwa 512. Upana wa 3000 ukibanwa humo, herufi za 100 zinabaki 17 na hakuna atakayezisoma. Kata kipande cha chini tu, pindo na jina, kisha uandike jina upya kwa herufi za kimo cha 60, hata kwa mistari miwili.