Je, Wajua Mpako wa Kupuliza Huusaidiaje Mshono wa Chuma Usichoke?

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la malazi ya wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei, na watu 123 kati ya 212 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi waliufuatilia ufa uliosababisha ajali hiyo hadi kwenye mshono wa milimita 6 tu, uliochomelewa ili kushikilia kifaa cha kunasia sauti majini. Chuma kilikuwa kimechoka, yaani mizigo inayojirudia ilikuwa imeukuza ufa kidogo kidogo hadi kikakatika.

Chuma kilichoyeyushwa hupoa na kutaka kusinyaa, lakini bamba baridi lililo kando yake hulizuia tendo hilo, hivyo mshono hubaki umevutika hata kabla ya kubebeshwa mzigo wowote. Ukiupitishia ukucha mshono mkavu, utaukuta ukingo ambapo tuta lake linakutana na bamba: hapo ndipo nguvu hurundikana, na ndipo hujificha mikato na punje za takataka za kuchomelea zisizofika hata nusu milimita. Kwa kuwa ufa una pa kuanzia tayari, kununua chuma chenye nguvu zaidi hakuuongezei mshono uvumilivu wa maana dhidi ya mizigo inayojirudia.

Katika njia mojawapo ya kupuliza, nyaya mbili za alumini au zinki huyeyushwa kwa umeme, kisha hewa yenye shinikizo huyarusha matone yake yakabandamane juu ya chuma, tabaka juu ya tabaka, hadi kufikia unene wa takriban robo milimita. Kabla ya hapo ni lazima chuma kipigwe kwa chembe kali ili mpako upate pa kushika, na kwa maoni yangu hatua hii haipewi heshima inayostahili, kwa sababu mapigo hayo huiacha ngozi ya chuma ikiwa imebanwa, na ufa hupata shida kufunguka mahali palipobanwa. Mpako wenyewe huzuia chumvi na maji, jambo kubwa sana baharini, ambako kutu huchimba vishimo vipya na kukinyima chuma kile kiwango cha mzigo mdogo ambacho katika hewa kavu kingekivumilia bila kikomo.

Hata hivyo, ufa ukianzia ndani, kwenye shina la mshono ambalo moto haukulifikia, mpako wa nje hautaufikia. Hapo dawa ni kuchomelea hadi ndani kabisa.