Namba Ipi Imebeba Mzigo?

Mtafiti mpya haji mikono mitupu. Huja na ugonjwa wake moyoni: mmoja saratani, kwa sababu ilimchukua mama yake, mwingine kifua kikuu, kwa sababu ndicho alichokisomea. Kazi yangu ni kuwafundisha watu hawa kutafuta matatizo ya afya ambako fedha na nguvu zikiongezwa zitaokoa maisha mengi kuliko zikipelekwa kwingine. Kwa hiyo wiki ya kwanza namwomba kila mmoja ukurasa mmoja tu: andika ni jambo gani, ukiligundua kesho, litakufanya uachane na wazo lako. Wengi hukwama. Shule zimewazoesha kutetea hoja. Kuitafutia sababu ya kuiacha hakuna aliyewahi kuwaambia.

Maswali yenyewe ni matatu. Tatizo ni kubwa kiasi gani? Ipo njia iliyothibitika ya kulipunguza? Na nani tayari yupo hapo, ana fedha kiasi gani? Mawili ya kwanza huyashika siku hiyo hiyo. La tatu husahaulika, ingawa mara nyingi ndilo linaloamua.

Kila kundi nalianzishia na madini ya risasi. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, takriban watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi. Risasi huharibu ubongo unaokua, na kwa miaka mingi tatizo hili lilipata fedha kidogo mno ukilinganisha na ukubwa wake. Darasa hunijibu vilevile kila mara: risasi iko kila mahali, utaanzia wapi? Ndipo nawapa kisa cha Bangladesh. Watafiti walikuta risasi kwenye damu ya wajawazito wa vijijini, wakaifuata nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye binzari ya manjano, ambayo ilikuwa ikitiwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Serikali ikaonya umma na kutoza faini. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Risasi haikwisha nchini humo, lakini mlango mmoja mkubwa ulifungwa, na ulifungika kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuridhika na neno "kila mahali".

Sri Lanka nayo huwashtua. Wengi hudhani vifo vya kujiua hupunguzwa kwa ushauri nasaha peke yake. Nchi ile ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, kimoja baada ya kingine, na kiwango cha vifo hivyo kimeshuka kwa takriban asilimia 70 tangu katikati ya miaka ya 1990. Sheria ya kilimo ikaokoa watu ambao hospitali isingewahi kuwaona.

Sasa namba. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote.

Mwaka 2006 kilichapishwa kitabu kikubwa cha marejeo kuhusu vipaumbele vya udhibiti wa magonjwa katika nchi zinazoendelea. Kwa dawa za minyoo inayoambukiza kupitia udongo, kilitoa gharama ya dola 3.41 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya unaookolewa. Hesabu hiyo ilinukuliwa huku na huku. Mwaka 2011 shirika la GiveWell, linalopima ni misaada ipi inaleta manufaa zaidi, lilipata lahajedwali iliyotumika, yaani jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, likakagua kisanduku kwa kisanduku, na kukuta makosa matano. Yaliposahihishwa, gharama ikawa dola 326.43. Karibu mara mia! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kila namba inayoelea kwenye ripoti imeundwa na mtu aliyeweza kuwa amechoka siku hiyo.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi lahajedwali niliyoipandikiza makosa, bila kuwaambia. Hukimbilia kukagua kanuni za hesabu, ilhali makosa mazito yamejificha kwenye vipimo: kwa mtoto au kwa kaya, kwa mwaka au kwa maisha yote. Wakishayapata nawauliza: kati ya namba zote hizi, ipi imebeba mzigo? Punguza kila moja iwe nusu, kisha iongeze iwe maradufu, uone ipi inageuza uamuzi. Chukua vyandarua vyenye dawa. Mwanafunzi humaliza siku tatu akihakiki bei ya chandarua kwa sababu bei inapatikana kirahisi. Bei hiyo tayari inajulikana, na kuihakiki hakugeuzi uamuzi. Kinachogeuza ni chandarua kinadumu miaka mingapi kabla ya kuchanika, na mbu wa eneo hilo wamekuwa sugu kwa dawa kiasi gani. Siku tatu zile zilikuwa za huko.

Na kuna mambo ambayo lahajedwali haiyajui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na tangu 2017 tatizo hili limo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Mtafiti mmoja niliyemlea alikuja na hesabu safi: nunua dawa ya sumu ya nyoka kwa wingi, sambaza, umeokoa maelfu. Nikamtaka ampigie simu daktari anayetibu wagonjwa hao. Nusu saa ilitosha. Wagonjwa hufika wamechelewa mno, na dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi nyingine huenda isifanye kazi kwa nyoka wa huko. Alirudi amenyong'onyea, nami nilifurahi sana, maana wazo lake sasa lilikuwa limeanza kuwa wazo: usafiri wa mgonjwa, na dawa ipi kwa nyoka yupi.

Mawazo tunayoyakataa hatuyatupi. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila moja linaandikwa pamoja na sababu na tarehe, kwa kuwa sababu nazo huisha muda wake. Wazo la malaria lililokataliwa mwaka 2015 kwa sababu "hakuna chanjo iliyopendekezwa" lilipaswa kufunguliwa upya Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya RTS,S, na tena Oktoba 2023 lilipopendekeza nyingine, R21. Kila kundi jipya likimaliza mwezi wa kwanza, nalikabidhi daftari hilo na kuliomba linitafutie kurasa tatu ambazo sababu zake zimekufa.